Tulivyomchagua Wesley Bila Kumuuliza

Nimesikia kwamba baadhi yenu mmeajiriwa kiangazi hiki kuwaonyesha watu viti katika viwanja vya besiboli vya miji yetu hii miwili, Minneapolis na jirani yake, na kwamba mmepewa mafunzo ya saa chache, fulana yenye nembo na kofia. Hongereni. Mimi niliifanya kazi hiyo jioni na siku za Jumamosi kwa sehemu kubwa ya miaka ya elfu mbili, mchana nikiwa mtu wa ofisini, nikaiacha magoti yalipoanza kulalamika kwenye ngazi. Sijazeeka kiasi cha kuitwa mzee, ingawa watoto wa ndugu zangu wameanza kunipisha mlangoni. Naandika haya kwa sababu mafunzo yenu, kama yalivyokuwa yangu, yamewaeleza mlango wa dharura uko wapi na hayakuwaeleza jambo lolote kuhusu watu.

Tuanze na kitambaa. Beba viwili, kimoja cha kukausha na kimoja cha kung'arishia, na futa kiti hata kama ni kikavu. Mtu aliyefutiwa kiti hagombani nawe kuhusu nguzo iliyo mbele yake. Hili nilifundishwa na Bi Lorraine, mama wa Kimarekani aliyekuwa amefanya kazi hiyo tangu mimi sijavuka bahari. Kiwanja chetu kilikuwa kidogo, cha klabu ya ligi huru, isiyo chini ya klabu kubwa, upande wa kaskazini, ambako wachezaji walikuwa ama vijana wanaopanda au watu wazima wanaoshuka, na wote walikutana hapo njiani. Bi Lorraine alisimamia ngazi ya pili, nami nikawekwa chini ya uangalizi wake kwenye ngazi ya tatu.

Jambo la pili ni kwamba hutauona mchezo. Utasimama umeupa mgongo, ukiwatazama watazamaji, na usione uchungu. Baada ya msimu mmoja niliweza kujua kilichotokea uwanjani kwa kuwatazama watu tu: mpira uliodakwa huwafanya waegemee nyuma, mpira uliopotea huwafanya wasimame nusu. Na nyuso zote zikiinuka kwa pamoja, mpira unakuja upande wenu; jikinge kichwa kwanza, maswali baadaye.

Wiki yangu ya kwanza niliwafukuza watu. Katika zamu ya saba kati ya tisa za mchezo, kama mnavyojua, watazamaji wote husimama kujinyoosha na kuimba. Mimi nilikuwa sijui. Niliona ngazi nzima imesimama, nikadhani mchezo umekwisha, nikafungua geti, nikajipanga pembeni na kuanza kuwaambia kwa heshima zote, "Asanteni kwa kuja, endesheni magari salama." Familia moja ilitoka kweli. Bi Lorraine alinijia polepole, akiwa na uso mtulivu kabisa, akaniambia, "Mpenzi, timu ya hao ilikuwa inaongoza kwa pointi mbili na bado wanataka kuona." Tangu hapo, kila zamu ya saba alinipungia mkono kutoka ngazi yake na kunionyesha geti.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, nalo ni kadi za kura.

Kabla kura hazijahamia kwenye kompyuta, mashabiki walichagua wachezaji wa mechi ya nyota wa ligi kwa kadi ngumu zenye majina, ambazo sisi wahudumu tulizigawa jukwaani. Aliyetaka alitoboa tundu kando ya jina, akairudisha kadi ndani ya sanduku. Kuna ufundi wake. Usizigawe mwanzoni, kwa sababu zamu ya kwanza watu wana njaa na kadi hugeuka sahani ya haradali. Subiri zamu ya tatu, watu wameshiba na hawajachoka. Mtu akikuuliza ampigie nani, mwambie humjui yeyote. Mkiona mtu amechukua furushi zima na kulitoboa jina lile lile kadi baada ya kadi, msimzuie. Inaruhusiwa.

Jambo hili la mwisho lilinisumbua. Nilikuwa nimesomea sayansi ya siasa, na chuoni tulikesha tukibishana kuhusu daftari la wapiga kura. Nikamwuliza Bi Lorraine inakuwaje mtu mmoja apige kura kadiri vidole vyake vinavyovumilia.

"Anayependa sana anapiga sana," akasema.

"Na mchezaji bora akikosa?"

"Makocha watamwongeza kwenye benchi, wao wana nafasi zao. Mpenzi, mechi yenyewe haina kombe. Ni zawadi kwa hawa," akaonyesha jukwaa. "Anayelipa muziki ndiye huchagua wimbo."

Sikuridhika, lakini watu wawili walikuwa wanagombania kiti, nikaenda kuwaamua.

Klabu kama ile haikuwa na uwezo wa kuwapangishia wachezaji nyumba. Familia za mjini ziliwapokea kwa msimu mzima, zikawapa chumba na chakula. Msimu mmoja meneja wa klabu, Bwana Rudy, alitangaza kwamba kuna mchezaji bado hana pa kulala. Nikamtaja kijana huyo kwa Mama Neema, Mtanzania mwenzangu, muuguzi wa hospitali moja kule Coon Rapids, ambaye alikuwa na chumba kitupu na moyo ambao haukuwahi kuwa na chumba kitupu. Hivyo ndivyo Wesley, kijana wa Nebraska mwenye miaka ishirini na sita, mlinzi wa beisi ya pili, yaani kituo cha pili cha wakimbiaji, alivyokuja kuishi katika nyumba ya Kitanzania.

Baada ya wiki tatu alikuwa anakula ugali kwa mkono wa kulia, anasema shikamoo bila kukosea, na ananawa kabla hajaambiwa. Neema mwenyewe, binti wa miaka kumi na minne, ambaye mama yake akimsemesha Kiswahili hujibu Kiingereza, alilalamika kwamba Mzungu anamwaibisha nyumbani kwake. Siku ya Jumapili Mama Neema alimpeleka kanisani kwetu Minneapolis, akakaa naye mbele. Mzee Shaaban, Mkenya wa Mombasa mwenye duka la nguo na nyama halali, alimpa kikofia na kumwambia, "Wewe ni mjukuu wangu wa upande wa baridi."

Kwa hiyo kadi zilipotoka, Mama Neema hakuingoja zamu ya tatu. Alinifuata kwenye geti.

"Kaka Elia, nipe maboksi."

"Ngapi?"

"Unayo mangapi?"

Alizipeleka chumba cha mapumziko cha hospitali. Alizipeleka kanisani, ambako zilijazwa baada ya ibada, pembeni ya chai na maandazi. Alimwachia Mzee Shaaban mengine, yakakaa juu ya kaunta kando ya ubani. Mzee Shaaban alikuwa na wasiwasi wa kisheria.

"Mama Neema, yaani mtu mmoja atoboe mara kumi? Kwetu huko tuliwaita watu wa hivyo wezi wa kura."

"Baba, hapa ndiyo utaratibu. Nimeuliza."

"Umemwuliza nani?"

"Huyu hapa, ana digrii ya uchaguzi."

Nikathibitisha kwamba inaruhusiwa, kwa sauti ya mtu anayetamani isingekuwa inaruhusiwa. Mzee Shaaban akaamua kwamba duka lake litafuata mtu mmoja kura moja, na akalisimamia hilo kwa ukali, hata akamfukuza fundi wa magari aliyerudi kwenye foleni akiwa amebadilisha kofia. Karibu wote kati ya wapiga kura hao hawakuwahi kumwona Wesley akicheza. Mama Neema mwenyewe, kwa sababu ya zamu za hospitali, alikuwa amemwona mara mbili, na mara moja kati ya hizo alisinzia.

Wesley alichaguliwa. Alimshinda mlinzi wa beisi ya pili wa timu moja ya Dakota, kijana ambaye kila mtu aliyeujua mchezo, pamoja na Wesley, alikubali kwamba alikuwa bora. Makocha wakamweka huyo wa Dakota kwenye benchi, kama Bi Lorraine alivyosema. Na jambo ambalo sisi hatukulijua, au tulilijua na hatukulipima, ni kwamba mechi ile ilikuwa na uzito kwa wachezaji. Watu wanaotafuta vipaji kwa niaba ya klabu kubwa walikuja kuitazama. Kwa mtu wa umri wa Wesley huenda macho hayo yasingerudi tena.

Siku nne kabla ya mechi, Mama Neema alipika ugali na mlenda, wakakaa mezani. Wesley akamega tonge kwa mkono wa kushoto. Mama Neema alinisimulia baadaye kwamba alikwisha kufungua mdomo amkumbushe adabu, kama ambavyo angemkumbusha mtoto yeyote, ndipo mama akanyamaza na muuguzi akaamka.

"Lete huo mwingine," akamwambia.

Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba na kina joto. Kilikuwa hivyo kwa wiki mbili. Wesley alikuwa akikifunga bandeji chini ya mkono mrefu wa fulana na kumeza dawa za maumivu, akihesabu siku hadi mapumziko ya katikati ya msimu. Maana ligi husimama kwa ajili ya mechi ya nyota, na wasiochaguliwa hupumzika. Hayo ndiyo mapumziko tuliyokuwa tumemnyang'anya kwa maboksi.

Mama Neema hakulala vizuri. Asubuhi alinipigia simu. "Nataka kuziondoa kura zangu."

"Haziondoki, dada."

"Basi twende kwa mwenye nazo."

Hapo, vijana, tukafanya jambo ambalo lilikuwa la kawaida kabisa kwetu. Nimelifikiria sana tangu siku ile. Mtoto akiwa na shida mahali, wazazi huunda ujumbe. Huendi peke yako, wala huendi kwa hasira. Unatafuta mzee mwenye ulimi laini, unatafuta mtu anayefahamu lugha ya wenyeji, mnavaa vizuri, mnakwenda. Mzee Shaaban alivaa koti na kikofia chake cha kutarizi. Mimi niliambiwa nifunge tai. Tukamkuta Bwana Rudy ofisini kwake, chini ya jukwaa, akila sandwichi juu ya ratiba ya mabasi.

Mzee Shaaban aliuliza hali yake. Akauliza hali ya mkewe, ya watoto, ya timu, ya nyasi. Nilitafsiri yote. Bwana Rudy aliweka sandwichi chini kidogo kidogo, kama mtu anayesubiri kuambiwa kuna msiba.

"Mwambie," akasema Mzee Shaaban, "hatukuja kwa shari. Twaja kama watu walomtia mtoto wao majini, na sasa twaomba watu wenye mashua watusaidie kumtoa. Tulimpa kura kwa mapenzi, lakini mapenzi hayakuona mkono. Twamuomba amtoe kwenye mechi bila kumvunjia heshima, na aibu yote iwe juu yetu."

Nilitafsiri. Bwana Rudy akasema kwamba katika miaka yake yote watu wamekuja ofisini mle kulia, kutukana na kuleta keki ili mchezaji wao aingizwe. Waliokuja kuomba atolewe ndio sisi wa kwanza. Kisha akanyanyua simu na kumwita Wesley.

Kijana aliingia, akatuona tumekaa kwa mstari, akasema shikamoo kwa Mzee Shaaban bila kufikiri. Bwana Rudy akamweleza. Nilimwona Wesley akiwa mwekundu kuanzia shingoni.

"Kuna mtu aliyeniuliza?" akasema.

Nilimtafsiria Mzee Shaaban kwamba kijana anashukuru kwa kujaliwa, ila ana mawazo tofauti.

"Usimpake mafuta," Mama Neema akanikata. "Nimemsikia, na mzee naye kamsikia. Anasema hatukumuuliza."

"Mtoto mgonjwa haulizwi kama ataka dawa," akasema Mzee Shaaban.

Hili nililitafsiri sawasawa. Wesley akavuta pumzi. Alisema kwa upole, na upole wake uliniumiza zaidi kuliko kama angepiga meza. Alisema kwamba kabla ya kura alitaka kupumzika tu, na kama tungemuuliza, angetuambia tutoboe jina la yule wa Dakota. Yeye mwenyewe alikuwa amelitoboa. Lakini sasa jina lake limetangazwa. Baba yake ameanza safari ya gari kutoka Nebraska. Watu wa klabu kubwa watakuwepo. "Mmeniingiza bila kuniuliza," akasema, "na sasa mnanitoa bila kuniuliza. Chagueni moja."

Mzee Shaaban alivua kikofia, akakitazama, akakivaa tena. "Kasema haki," akasema kwa Kiswahili, na safari hii hakuningoja nitafsiri; alimwambia mwenyewe kwa Kiingereza chake cha dukani, "You right, my son. You right."

Bwana Rudy alisema daktari wa klabu atautazama mkono. Daktari akautazama, akasema hakuna kilichovunjika, na kwamba kucheza kutaumiza lakini si yeye wa kumzuia. Hivyo ikabaki kwa Wesley, naye Wesley alikwisha kuamua. Asubuhi ya mechi Mama Neema alimfunga kile kifundo jikoni kwake, safu juu ya safu, kwa namna wanavyofunga hospitalini. Neema anasema hiyo ndiyo mara pekee aliyomwona mama yake akifanya kazi kimya.

Sikuuona mchezo, bila shaka, ingawa ulichezwa kiwanjani kwetu. Nilikuwa nimeupa mgongo. Lakini watu wetu walijaa ngazi ya tatu, wapiga kura wote wa chai na maandazi, na niliusoma mchezo katika nyuso zao, ambazo hazikujua kinachoendelea. Ilibidi niangalie nyuso za mashabiki wa kawaida, safu ya nyuma. Wesley alipiga mara moja, mpira ukaenda kwa mlinzi kama salamu. Katika zamu ya tatu alidaka mpira wa chini, akaurusha, na nyuso za safu ya nyuma zikakunjamana. Alitoka nje ameushika mkono, na ngazi ya tatu nzima ikasimama kumpigia makofi. Akaingia yule wa Dakota, na wale watafuta vipaji wenye vitabu vidogo, ambao walikuwa wamekaa bila kusogea tangu mwanzo, wakaanza kuandika.

Mama Neema alibaki amesimama hata wengine wote walipokaa. Nilikwenda kumfutia kiti. Ndilo jambo pekee nililoweza kufanya.

Wesley hakucheza tena msimu ule. Agosti klabu ikamwacha, kwa heshima, na hakuna klabu nyingine iliyompigia simu. Sitawadanganya kwamba angepanda kama angepumzika. Bwana Rudy alidhani hapana, na Wesley mwenyewe alidhani hapana. Lakini kudhani si kujua, na sisi ndio tuliomfanya abaki na kudhani.

Jioni ya kumuaga, Mama Neema alipika pilau, na mimi, kwa kuwa mtu mwenye digrii hajui kunyamaza, nikamwuliza lile swali. Je, mashabiki waachiwe kuchagua wachezaji wa mechi kama ile, au kazi hiyo wapewe makocha wanaojua?

Wesley alitafuna kwanza. "Makocha wangemchagua yule wa Dakota," akasema, "na mimi ningekaa hapa na barafu kwenye mkono. Ingekuwa sahihi." Akamtazama Mama Neema, aliyekuwa anajifanya anatafuta chumvi. "Lakini baba yangu hajawahi kuona watu wengi hivyo wakisimama kwa ajili yangu. Hakujua hata mmoja wao ni nani. Njia nzima ya kurudi hapa aliniuliza, hawa walikuwa nani?"

"Ukamwambia nini?" Mama Neema akauliza.

"Nikamwambia ni watu wa nyumbani."

Nimebishana na rafiki zangu wasomi kuhusu jambo hili mara nyingi. Wao husema uchaguzi wa mashabiki ni shindano la umaarufu, na kweli ni hivyo. Husema mtu asiyejua kazi asimpangie anayejua, na hilo pia lina uzito. Mimi nimebaki upande wa Bi Lorraine, kwa shingo upande. Mechi ile ni ya watazamaji, waacheni wachague. Ila mchaguliwa naye ni mtu, ana mkono, ana baba aliye barabarani, na kura haimfanyi kuwa mali ya aliyempigia. Chuoni tulichambua haki za mpiga kura kwa miaka mitatu. Sikumbuki tulitumia hata mhadhara mmoja kwa haki za anayepigiwa.

Msimu uliofuata Mama Neema alipokea mchezaji mwingine, mrushaji mrefu wa Oregon ambaye hakupenda mlenda. Kadi zilipotoka nilimpelekea moja kwenye kiti chake, moja tu, kwa sababu sikuthubutu boksi. Aliichukua, akaigeuza, akayasoma majina yote. Kisha akashuka ngazi hadi kwenye uzio, ambako wachezaji walikuwa wanajinyoosha kabla ya mechi, akampungia yule mrushaji hadi akaja.

"Baba," akamwuliza, kwa Kiingereza, mbele ya wenzake wote, "mwili wako mzima? Nikuchague, au upumzike?"

Kijana akacheka, akidhani ni utani. Mama Neema hakucheka. Alisimama pale na kadi yake isiyo na tundu, akisubiri ajibu.